UZI: Ana A ya Upangaji wa Burudani, lakini hajui leo ni bamvua au maji mafu

Mwalimu_wa_Ufuoni (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wanajukwaa. Uzi huu mrefu, mwenye haraka apite.

Nafundisha digrii ya usimamizi wa burudani na hifadhi. Chuo nakisitiri. Kila mwaka nateremka Malindi kuwakagua wanafunzi walioko kwenye mafunzo ya nyanjani, kwa lugha yao "atachi". Wengine wako hotelini, wengine kwenye boti za sakafu ya kioo zinazokwenda mabustani ya matumbawe ndani ya hifadhi ya bahari, wengine kwenye magofu ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke.

Kuna kijana wangu mmoja, mwaka wa nne. Somo la kupanga programu za burudani alipata A, na karatasi yake niliisahihisha mimi mwenyewe. Aliandika malengo ya shughuli, walengwa, bajeti, tahadhari, kila kitu mahali pake. Alipofika atachi akaambiwa awapangie watoto wa shule ya msingi matembezi kwenye miamba, waone kaa, majongoo bahari na samaki waliobaki vidimbwini maji yakitoka. Jumamosi akaenda kukagua mahali, saa nne asubuhi, akakuta miamba mikavu. Akafurahi, akaandika mpango: Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, watoto 40.

Mtu wa pwani ameshacheka. Ile Jumamosi ya kwanza ilikuwa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo au mpevu, maji yanapojaa sana na kukauka sana, na kwetu bamvua maji hukauka asubuhi kwenye hiyo saa nne, yakarudi kujaa jioni saa kumi. Wiki moja baadaye ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, na saa zake ni nyingine: saa nne ileile bahari imejaa. Watoto 40 walisimama mchangani na sapatu mkononi wakitazama mawimbi. Walimu wao wakatazamana. Kijana akawachezesha mpira, akawagawia juisi, wakarudi.

Sasa kilichoniuma. Ripoti yake ilisema: "Shughuli ilifanikiwa sana na washiriki walifurahi." Msimamizi wa pale alimpa 86 kwa 100. Nikafungua logibuku yake, daftari la kazi za kila siku: wiki nane, kalamu moja, mkono mmoja, wino haujabadilika hata kidogo, na kila siku "nilishiriki katika kazi za kawaida za idara". Inaonekana ilijazwa usiku mmoja.

Mimi nilimpa A, msimamizi akampa 86, na mwenyewe anasema amefanikiwa. Karatasi tatu zote zinasema kajifunza. Waliojua kwamba hajajifunza ni wale watoto 40, na hakuna aliyewauliza.

Swali langu kwenu: tunapima nini hasa? Mtaala wetu unasema mhitimu "ataweza kubuni, kuendesha na kutathmini" shughuli za burudani. Mtihani wetu unauliza "Fafanua burudani na utaje manufaa yake matano". Ni kama kumpa mtu leseni ya unahodha kwa sababu ametaja sehemu tano za jahazi.

---

Kaskazi_Mja

Mwalimu, usimlaumu kijana. Wewe uliyempa A ulijua kama ni bamvua?

---

Mwalimu_wa_Ufuoni

@Kaskazi_Mja umenipata. Mimi mtu wa bara. Nilijifunza siku ileile, nikiwa na aibu yangu.

---

MwakaWaNne_Hoi

Naongea kama mwanafunzi. Logibuku tunajaza usiku mmoja kwa sababu hakuna anayeisoma. Msimamizi anapiga muhuri kurasa zote kwa mkupuo, mhadhiri anakuja mara moja, anakaa dakika ishirini, anauliza "unaendeleaje?", anaondoka. Mimi wiki tatu za kwanza nilikuwa nachemsha chai na kupeleka barua. Ningeandika nini? "Leo nimeongeza tangawizi"?

Na tukubaliane, darasani tunasoma kile mnachotahini. Mkitahini manufaa matano, tutakariri matano. La sita hatulitaki.

---

Nahodha_BotiYaKioo

Salaam. Mimi si msomi, nina boti upande wa Casuarina, na hao wanafunzi wenu wanaletwa kwangu. Nataka niseme ukweli kuhusu ile fomu ya kuwapima.

Fomu inakuja kwa Kiingereza. Inauliza kuhusu kufika kwa wakati, nidhamu, "ubunifu", halafu niweke alama moja mpaka tano. Wote mimi nawapa tano. Nasema wote. Mtoto wa watu, baba yake kauza mbuzi alipe karo, mimi nimpe mbili akalale na supu, huo mtihani wa kurudia, chuoni kwa mkono wangu? Siwezi. Hata yule aliyenitapikia kwenye kioo nilimpa tano ya nidhamu, maana aliomba radhi.

Lakini mngeniuliza kwa Kiswahili nimeona nini, ningewaambia. Mimi namtazama mtu kwa mambo machache. Je, anahesabu vichwa kabla hatujang'oa nanga na tena kabla hatujarudi? Akiwaona wageni wameshuka na miwani ya kupigia mbizi, mmoja akasimama juu ya tumbawe kupumzika, anamwambia ashuke au anaona haya kwa sababu ni mgeni? Akitoa mtu mkate alishe samaki, anamzuia? Mama akiwa ameshika ubao kwa mikono miwili na uso umemsawijika, anamwona, au yuko na simu? Na tukifunga boti, anatafuta boya au anataka kutupa nanga popote?

Hayo hayamo kwenye fomu yenu.

---

Mwalimu_wa_Ufuoni

Mzee wangu Nahodha, nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Umeandika kwa mistari kumi kitu ambacho kamati yetu ilikalia siku mbili hotelini isikipate.

Niwaeleze wengine kwa nini. Alama ya "nidhamu: 4" haina mtu ndani yake. Ukisoma "alihesabu abiria kabla ya kuondoka lakini si kabla ya kurudi", unamwona mtu, na unajua la kumfundisha kesho. Jedwali la kupimia lililo zuri ndivyo linavyokuwa: kila ngazi inaeleza kinachoonekana kwa macho, si sifa ya moyoni.

Anayetaka kujua wenzetu wanafanyaje: Marekani wana baraza la kuidhinisha digrii hizi za hifadhi, burudani na utalii, linaitwa COAPRT. Zamani waliangalia zaidi mmefundisha nini, siku hizi wanataka ushahidi wa kile mwanafunzi anachoweza. Wamegawa matokeo makubwa mafungu matatu: kwanza, misingi ya taaluma yenyewe pamoja na historia na falsafa yake; pili, kubuni, kuendesha na kutathmini huduma kwa watu wa tamaduni tofauti; tatu, usimamizi, yaani fedha, watu, miundombinu na masoko. Juu yake kuna mafunzo ya kazini yasiyopungua saa 400 na wiki 10. Kilichonivutia ni kwamba haitoshi kukusanya alama. Lazima uonyeshe umebadilisha nini baada ya kuziona.

Sisemi tuwaige. Baraza lao halijui kusi wala kaskazi. Ila swali wanaloliuliza ni swali letu.

---

Dkt_Kalamu_Nyekundu

Mwanzisha uzi unasema maneno matamu. Mimi nina wanafunzi 94 darasani, wasaidizi hakuna, na masomo manne kwa muhula. Nani atasimama ufuoni na jedwali akihesabu nani kahesabu vichwa? Mtihani wa maandishi una kasoro zake, lakini nausahihisha wikendi mbili nikamaliza, na mwanafunzi akikata rufaa nina karatasi ya kumwonyesha. Utaratibu wetu ni 30 za majaribio na 70 za mtihani wa mwisho. Wewe unataka nizitoe wapi hizo alama za mkate na samaki?

Tena kuna hatari. Ukimpa kila nahodha na kila meneja wa hoteli kalamu ya kupima, kila mmoja atapima kwa jicho lake.

---

Mwalimu_wa_Ufuoni

Daktari, hoja zako nzito, na ya kwanza ndiyo iliyonisumbua mwaka mzima. Nikujibu taratibu.

Tunachanganya vitu viwili. Kimoja ni kumpa mwanafunzi alama yake: hapo lazima uwaguse wote 94. Kingine ni kujua kama digrii yenyewe inafundisha: hapo huhitaji wote. Anayeonja pilau hamalizi sufuria. Mimi nilichukua ripoti 20 za mradi wa mwisho, nikazichota bila kuchagua, nikafuta majina, nikampa mwenzangu na mimi nikabaki na nakala. Tukasahihisha kila mtu kivyake kwa jedwali moja, ngazi tatu.

Tulipolinganisha tulikubaliana ripoti 11 tu. Kumi na moja kati ya ishirini! Kwa hiyo hofu yako ya "kila mmoja na jicho lake" si ya manahodha peke yao, ni yetu sisi wenye digrii za juu. Tulikaa na zile tisa, moja baada ya moja. Ikagundulika kwamba yeye akisoma "tathmini" anatafuta takwimu, mimi natafuta kama mwanafunzi amekiri kosa. Tukaiandika upya ile safu. Mara ya pili tukakubaliana 17.

Sasa matokeo. Kubuni walikuwa wazuri. Kuendesha, wa wastani. Kutathmini ndiko kulikokuwa na msiba: karibu kila ripoti ilimalizika na "shughuli ilifanikiwa sana". Kijana wangu wa maji mafu hakuwa peke yake. Alikuwa amejifunza kwetu kwamba ripoti humalizika hivyo.

Na kitu kingine, hiki kinachekesha. Mwisho wa masomo huwa tunawapa hojaji: je, unajiamini kwamba unaweza kutathmini programu? Katika darasa la watu 18, 17 walisema ndiyo. Tulipopima kazi zao, waliofika ngazi tuliyoitaka ni 7. Hojaji si bure, inakwambia mtu anajionaje. Usiitumie kujua anaweza nini.

---

SistaWodi3

Nimepita tu, mimi ni muuguzi. Haya mnayoyasumbukia sisi tulishayapitia. Hatumpi mtu wodi kwa sababu ameandika vizuri jinsi ya kudunga sindano. Kuna mtu anaitwa George Miller aliandika mwaka 1990 kwamba kujua kuna ngazi nne: anajua, anajua namna, anaonyesha, anafanya. Mtihani wenu umekwama ngazi ya kwanza, ukijitahidi sana ya pili.

Tena kuna mtihani wa vituo, ulioanzishwa na Ronald Harden kule Dundee mwaka 1975. Mnapanga vituo, kila kimoja dakika chache, kila kimoja na jambo lake na mtahini wake mwenye orodha ileile kwa wote. Kengele ikilia mnahama. Daktari mwenye watu 94, hebu fikiria: kituo cha kwanza, mpokee mgeni asiyejua kuogelea. Cha pili, hili hapa jedwali la maji kujaa na kukauka, niambie tutoke saa ngapi. Cha tatu, mtu amekasirika karudishiwa pesa pungufu. Asubuhi moja mnapitisha wengi tu, na karatasi ya rufaa unayo.

---

Dkt_Kalamu_Nyekundu

Sista, hilo la vituo nalichukua. Sijakubali mengine, lakini hilo nalichukua.

---

BintiMkomani

Mnaongea bahari tu, ngoja niwalete huku Lamu. Mimi nashughulika na wageni hapa mjini mkongwe, uliowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wanafunzi wenu tunawaona.

Alikuja kijana kutoka bara, kazi yake abuni programu ya mazoezi kwa wanawake. Akabandika tangazo: saa kumi jioni, pale mbele bahari, karibu na gati, njooni na viatu vya raba. Saa kumi jioni! Gati imejaa wanaume, punda, wapakuzi, wazee wamekaa barazani. Hakuja mwanamke hata mmoja. Akaandika kwenye ripoti yake, nimeiona kwa macho yangu: "Akina mama wa Lamu hawana mwamko kuhusu umuhimu wa mazoezi."

Mhadhiri wake alipita, akasoma, akaweka tiki. Nadhani aliona ni "matokeo".

Muhula uliofuata akaja msichana. Wiki nzima hakutangaza kitu. Alizunguka nyumba kwa nyumba na shangazi yangu, akanywa kahawa, akauliza nani anaumwa magoti, nani hupata nafasi saa ngapi. Mwisho akawapata kumi na wawili, uani kwa bibi mmoja mtaa wa Langoni, mlango umefungwa, redio inaimba taarabu. Mazoezi yenyewe nusu yalikuwa kucheka. Alipoondoka waliendelea miezi miwili bila yeye.

Ripoti yake ilikuwa fupi, na Kiingereza chake hakikunyooka. Alama yake ilikuwa chini ya ile ya kijana. Sasa nielezeni.

---

Kaskazi_Mja

Dada BintiMkomani, hapo umetia msumari.

---

MwakaWaNne_Hoi

Hiyo ya Kiingereza ni kweli kabisa. Nusu ya alama za ripoti ni sarufi na jinsi ulivyopanga kurasa. Rafiki yangu alikatwa nne kwa sababu ya mstari wa pembeni.

---

Mwalimu_wa_Ufuoni

Dada, sina cha kujitetea. Jedwali letu lilikuwa na safu "uwasilishaji" yenye uzito sawa na "kuwaelewa washiriki". Nimeangalia sasa hivi. Na mtahini asiyejua mji hawezi kuona kosa la mji. Mimi na maji mafu, yule mhadhiri aliyeweka tiki na gati ya Lamu, ni ugonjwa mmoja.

Kuna jambo nilitaka nilitunze kwa siku nyingine ila mmelileta wenyewe. Tunafundisha utaratibu wa mipaka ya mabadiliko yanayokubalika, ule wa Stankey na wenzake wa mwaka 1985, wa kuamua wageni waruhusiwe kuibadilisha hifadhi kiasi gani, wenye hatua tisa. Wanafunzi wanazitaja zote tisa kama wanasoma dua. Mwaka jana niliwapeleka ufuoni hapa Malindi, nikawaambia sahauni hatua. Hifadhi hii ipo tangu 1968, boti zinakuja sehemu ileile kila siku. Niambieni kitu kimoja tu mtakachokihesabu kila mwezi ili mjue kama wageni wanaiharibu.

Kimya. Halafu mmoja akasema: "idadi ya wageni". Nikamwambia hao ni wageni, uharibifu uko wapi? Mwingine akasema rangi ya maji. Hapo nahodha mmoja akacheka, akamwonyesha kaskazini: "Huo mto Sabaki huo. Kaskazi ikivuma unatuletea tope lake huku. Mgeni ana kosa gani?" Na matumbawe yaliyokufa? Mengine yalikufa mwaka 1998 bahari ilipopata joto, hakuna aliyeyakanyaga. Ilichukua saa nzima kufika kwenye kitu kama "vipande vipya vilivyovunjika karibu na maboya, tukilinganisha na mahali ambapo boti hazifungi".

Ile saa moja ilinionyesha walichojua kuliko mitihani ya miaka mitatu. Lakini haina alama popote. Haimo kwenye 30 wala kwenye 70.

---

Mpita_Njia_Gede

Sasa mlipoona "tathmini" ndiyo msiba mlifanya nini? Au mmeandika ripoti mkaiweka kabatini?

---

Mwalimu_wa_Ufuoni

@Mpita_Njia_Gede swali zuri. Tulifanya mawili. Kwanza, tathmini tuliyokuwa tukiifundisha mwaka wa nne tuliishusha mwaka wa pili, na wanaifanya kwa shughuli ya watu wengine kabla ya kuijaribu kwa yao. Ni rahisi kuona kosa la jirani. Pili, ripoti sasa ina ukurasa wa lazima: "Kilichoharibika na nilichokifanya." Ukiuacha wazi unarudishiwa.

Matokeo ya mwaka uliofuata: tathmini ilipanda, si sana, ila ilipanda. Bajeti ikashuka! Tuliponyang'anya saa za bajeti kuzipa tathmini hatukufikiri. Mwaka huu tunaangalia hilo.

Na ule ukurasa wa lazima umeshaanza kuchakachuliwa. Nimesoma mitatu inayosema kilichoharibika ni "mvua".

---

Nahodha_BotiYaKioo

Mvua ya mwezi gani? Muulize.

---

Mwalimu_wa_Ufuoni

Mzee, ndiyo maana nakuhitaji. Nimechukua yale mambo yako matano, nimeyaandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Hakuna moja mpaka tano. Ni "nimeona", "sikuona", "haikutokea", na mistari miwili ya kuandika siku gani na nini. Alama haitoki kwako, itatoka kwetu. Kwa hiyo huna mtoto wa mtu utakayemlaza na supu. Wewe unasema ulichokiona tu. Nikutumie ukijaribu na huyu aliyeko kwako sasa?

---

Nahodha_BotiYaKioo

Kuona nitaona. Nitume. Ongeza kimoja: akikosea anasema au anaficha.

---

Dkt_Kalamu_Nyekundu

Na mimi nitumie nakala. Nataka kuona tu, sijasema nitaitumia.

---

MwakaWaNne_Hoi

Mwalimu, na huo mtihani wa vituo wa Sista mkiujaribu, mimi nipo tayari kuwa wa kwanza. Hata Jumamosi hii nipo Malindi.

---

Mwalimu_wa_Ufuoni

Jumamosi nitakuwepo na wenzako sita. Kituo cha kwanza ni matembezi kwenye miamba. Saa utapanga wewe.

---

MwakaWaNne_Hoi

Leo mwezi una siku kumi tangu kuandama, Jumamosi utakuwa na siku kumi na tano. Bamvua. Maji yanakuwa yametoka saa nne, kwa hiyo tuingie saa tatu tukiyafuata, na saa tano tuwe tumeshatoka yasije yakatukuta ndani.

---

Nahodha_BotiYaKioo

Na upepo?

---

MwakaWaNne_Hoi

Subiri kidogo niulize.